Kadi za pug: za matangazo ya Marekani au za sigara za Uingereza?

Nyumbani kwetu mbwa haingii ndani. Ni nyumba ya kawaida ya Mombasa: mbwa mahali pake ni nje, getini au ufuoni, na akikugusa kwa pua yake yenye maji unajua una kazi ya kujitwaharisha kabla ya sala. Kwa hiyo siku mama aliponikuta nimepanga mezani kadi kumi na moja za mbwa wa aina moja, mwenye uso uliokunjamana kama shati lililotoka ndooni, aliuliza swali moja tu: "Hawa nao wananunuliwa?"

Wananunuliwa, mama. Tena wana wagombaniaji.

Mbwa mwenyewe ni pug. Mdogo, kifua kipana, pua imerudi ndani, uso mweusi kama aliyechungulia sufuria yenye masizi, mkia umejikunja juu ya mgongo. Asili yake ni China. Ulaya aliingia katika karne ya 16 na akapendwa na wakubwa. Mchoraji William Hogarth alijichora mwaka 1745 pamoja na pug wake aliyeitwa Trump, na picha hiyo iko kwenye jumba la sanaa la Tate, London. Malkia Victoria alifuga pug. Nusu ya pili ya karne ya 19, mbwa huyu alikuwa amejaa kwenye sebule za watu wenye nafasi Uingereza na Marekani, na hapo ndipo wachapaji walipomuona na kumtia kwenye karatasi.

Anayetaka kukusanya pug wa karatasi hukutana na njia mbili kubwa: kadi za matangazo za Marekani za miaka ya 1880, na kadi za sigara za Uingereza za miaka ya 1920 na 1930. Mfuko wa kuanzia mara nyingi hutosha njia moja. Nimepita zote mbili, na kosa langu lilikuwa kudhani ni njia moja yenye vituo viwili. Kadi ya sigara itakuonyesha mbwa. Kadi ya matangazo itakuonyesha watu waliokuwa na mbwa. Ukijua unataka kipi kati ya hivyo, nusu ya uamuzi umeshafanya.

Zilikuwa za kazi gani

Ukisema "kadi ya biashara", mtu wa kwetu hufikiria ile yenye jina na namba ya simu. Sizungumzii hiyo. Hizi za Marekani ni karatasi nene kidogo, nyingi za kadiri ya sentimita saba na nusu kwa kumi na mbili na nusu, zenye picha ya rangi upande mmoja na maneno ya tangazo upande wa pili. Mwenye duka alizigawa bure juu ya kaunta au alizitia ndani ya kifurushi. Zilianza kushika kasi hasa baada ya Maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, zikatawala miaka ya 1880, na kufikia 1900 zilikuwa zimekwisha kazi. Zilizoziua ni magazeti: mwaka 1885 Marekani ilishusha nauli ya posta ya magazeti hadi senti moja kwa ratili, na mtangazaji akaona heri alipie ukurasa kuliko kugawa kadi mlango kwa mlango.

Teknolojia iliyozizaa ni kromolitografia, yaani uchapaji wa rangi kwa mawe. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake la chokaa, na mawe bora yalichimbwa Solnhofen, Bavaria. Picha ya pug juu ya mto mwekundu ingeweza kupita chini ya mawe manane, kumi au zaidi kabla ya kukamilika, na jiwe moja likisogea kidogo tu, utepe wa shingoni unaangukia sikioni. Kadi za namna hiyo zipo, na mimi nazipenda kuliko zilizokaa sawa.

Nyingi zilikuwa kadi za jumla. Mchapaji alichora picha, akaacha nafasi tupu, akauza kwa mamia kwa yeyote aliyetaka kupiga jina lake hapo. Fikiria kalenda za ukutani zinazogawiwa na maduka yetu mwisho wa mwaka: picha ni ileile ya maporomoko ya maji au ya Makka, lakini chini muuza mabati ameandika jina lake na muuza vipuri ameandika lake. Ndivyo pug mmoja alivyoweza kutangaza viatu Boston, kahawa Ohio na kinanda New York, hali yeye mwenyewe hajui kiatu wala kahawa. Kampuni kubwa, kama za nyuzi za kushonea Clark's O.N.T. na J. & P. Coats, zilichapisha kadi zao wenyewe zenye chapa ya kampuni ndani ya picha.

Kadi za sigara zilianza kwa shida tofauti kabisa. Pakiti za zamani zilikuwa za karatasi laini, sigara zikipondeka mfukoni, na kipande cha kadi kiliwekwa kuzitegemeza. Kisha mtu akafikiri: kama kadi ipo, kwa nini isiwe na picha, na kama ina picha, kwa nini isiwe na namba, ili mvutaji arudi kutafuta namba inayofuata? Nchini Uingereza kampuni ya John Player & Sons ya Nottingham iliingia mchezo huo mwaka 1893 na seti ya majumba na abasia, yaani nyumba za watawa. Mbwa walikuja baadaye, na walikuja kwa wingi, kwa sababu Mwingereza na mbwa wake ni kama sisi na chai.

Vita viliufunga mlango huo. Karatasi ilipokuwa adimu mwaka 1940, kadi za sigara zilisimamishwa, na ule utaratibu wa zamani haukurudi tena. Kwa hiyo pande zote mbili zina mwanzo na mwisho. Hakuna mtu anayechapisha halisi mpya.

Pug anavyoonekana

Hapa ndipo ninapoweza kukaa siku nzima.

Kadi ya sigara ina adabu ya shule. Mbwa amesimama pembeni, miguu yote minne inaonekana, nyuma yake kuna nyasi au rangi tupu, na ukigeuza unasoma uzito unaotakiwa, rangi zinazokubalika na mawili matatu kuhusu historia yake. Mchoraji aliyetawala eneo hili ni Arthur Wardle, aliyefariki mwaka 1949, mtu aliyechora mbwa na chui kwa mkono uleule usiotetemeka. Picha zake ndizo zilizotumika katika seti ya Player's ya vichwa vya mbwa ya mwaka 1929 na ile ya mbwa wazima ya mwaka 1931, kila moja kadi 50. Ukiweka vichwa vya 1929 kando ya wazima wa 1931 unaona tofauti ya nia: ile ya kwanza inataka ujue sura ya mbwa, ya pili inataka umhukumu kama jaji wa maonyesho. Kwa mtu anayependa aina ya mbwa kama aina, hakuna uchoraji mzuri kuliko huo kwa bei hiyo.

Kadi ya matangazo haina adabu hata kidogo. Pug amevalishwa kofia. Pug ameketi kitini na kitambaa shingoni akisubiri supu. Pug anakodolewa macho na paka kupitia tundu la kikapu. Msichana amembeba kwapani kama mkoba huku yeye anakutazama wewe, uso umejaa malalamiko. Ana kengele shingoni au utepe wa buluu uliofungwa fundo kubwa kuliko kichwa chake. Hakuna mahali palipoandikwa uzito wake. Badala yake unaambiwa sabuni fulani haichubui mikono.

Na mwili wake si uleule. Pug wengi wa miaka ya 1880 wana miguu mirefu na pua iliyojitokeza zaidi kuliko pug unaowaona leo mitandaoni wakikoroma. Wengine masikio yao yamekatwa mafupi kabisa, desturi ya kikatili iliyokuwa ya kawaida kwa mbwa huyu zamani, mpaka Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosimamia maonyesho ya mbwa, ilipowakataa maonyeshoni mbwa wenye masikio ya kukatwa katika miaka ya 1890. Kwa hiyo masikio ni dokezo la umri wa mchoro. Dokezo tu, si cheti, kwa maana mchapaji aliweza kunakili mchoro wa baba yake. Klabu ya pug ya Uingereza iliundwa mwaka 1883, Marekani ikamsajili rasmi mwaka 1885, na tangu hapo umbo lake likaanza kubanwa na kanuni. Pug wa miaka ya 1930 tayari ni mfupi, mzito, uso umepondeka. Ukipanga kadi zako kwa miaka badala ya kwa rangi, unaona jinsi binadamu alivyomsukuma mbwa huyu pua ndani, kizazi baada ya kizazi. Kwa jambo hili tu, kadi za matangazo zinashinda: zilimkamata kabla kazi haijakamilika.

Jambo ambalo wauzaji hawalitangulizi

Ukinunua kadi za matangazo za Marekani kwa mafungu, jiandae. Miaka ile ya 1880 wachapaji walichekesha wateja wao kwa kuwadhalilisha watu weusi na Wachina, na kadi hizo ni nyingi, si moja moja. Utafungua bahasha uliyoinunua kwa ajili ya mbwa watatu na utakutana na mtu mweusi aliyechorwa midomo kama tairi, anauza rangi ya viatu. Mimi fungu langu la kwanza lilikuwa na nne. Nilizitoa, nikazirudisha, nikazitoa tena. Mwishowe niliziweka kwenye bahasha yake peke yake, sizionyeshi watoto na siziuzi. Wapo wanaozikusanya makusudi ili kufundishia historia ya ubaguzi, na nawaheshimu, lakini mtu asikuambie kwamba ni sehemu ya "mvuto wa zamani". Kama hutaki kukutana nazo, nunua kadi moja moja kwa picha uliyoiona, usinunue mafungu, ingawa mafungu ndiyo yenye bei nzuri.

Seti za mbwa za sigara hazina balaa hilo. Zina balaa la sigara, ambalo kila mtu atalipima kwa mizani yake. Rafiki yangu mmoja wa Zanzibar hataki kitu chochote chenye jina la tumbaku nyumbani kwake, na kwake yeye mjadala uliishia hapo.

Kukamilika

Swali hili huonekana dogo mpaka likukoseshe usingizi. Katika seti ya mbwa 50, pug ni kadi moja, na ukiwa mkusanyaji wa pug peke yake, seti moja kamili imekupa mbwa wako mmoja na majirani 49. Unaweza kununua kadi yake tu, wauzaji wengi hukubali, lakini utakuta haraka sana umemaliza. Player's wawili watatu, kisha kampuni nyingine za sigara: Ogden's, Gallaher, Godfrey Phillips na "Our Dogs" yao ya 1939, picha halisi za kamera za Senior Service za mwaka huohuo wa 1939: jioni chache na orodha imeisha, au imebakiza vimeo viwili vitatu vigumu. Wapo wanaotaka hivyo hasa. Kuna raha ya kuandika vema mbele ya kila namba.

Kadi za matangazo hazina orodha kamili. Hakuna anayejua ni picha ngapi za pug zilichapwa, na kila picha ya jumla inaweza kuwa na majina ya maduka kumi au mia. Je, kadi moja yenye maduka mawili tofauti ni kadi moja au mbili? Mimi nahesabu mbili. Mwenzangu anahesabu moja na ananiita mroho.

Katikati ya njia hizi mbili kuna kadi ambazo nisipozitaja nitalaumiwa: kampuni ya Goodwin ya New York ilitoa mwaka 1890, ndani ya sigara zake za Old Judge, seti ya mbwa 50 wa dunia, inayojulikana kwa wakusanyaji wa Marekani kwa alama N163. Ni kadi ya sigara kwa kazi, lakini kwa rangi na umri ni ndugu wa kadi za matangazo. Alama hiyo ya herufi na namba ilitoka kwenye katalogi ya Jefferson Burdick, mtu aliyekusanya zaidi ya vipande 300,000 vya karatasi za namna hii na kuvikabidhi kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, akaenda huko kuvibandika mwenyewe mpaka mwaka aliokufa, 1963. Uzuri wa Old Judge ni mkubwa, na bei yake inajua hivyo, kwa sababu unashindana na wakusanyaji wa kadi za tumbaku wa Marekani ambao pug wako hawamjali, wanataka kujaza seti.

Bei

Sitaandika namba nyingi kwa sababu zitazeeka kabla hujamaliza kusoma. Uwiano ndio unaodumu. Kadi moja ya kawaida ya Player's ya miaka ya 1930 ni pauni chache, mara nyingine chini ya hapo. Zilichapwa kwa wingi wa ajabu na watoto walizitunza. Kadi ya matangazo ya jumla yenye pug mzuri ni dola kadhaa hadi makumi kadhaa. Ikiwa imekatwa kwa umbo la mbwa mwenyewe, au jina la duka ni la mji ambao una wakusanyaji wake wa historia ya mtaa, bei hupanda bila pug kuhusika hata kidogo. Hilo huwachanganya wageni: umeshindwa mnada na mtu ambaye hata mbwa hakumuona.

Kwa upande wa Uingereza una faida moja kubwa, nayo ni kwamba bei zimeandikwa. London Cigarette Card Company, iliyoanzishwa mwaka 1927, hutoa katalogi ya seti na bei zake, na hata ukinunua kwingine unayo fimbo ya kupimia. Kadi za matangazo hazina fimbo. Unalipa kile ambacho wewe na mtu mwingine mmoja mwenye ukaidi kama wako mko tayari kulipa saa sita za usiku kwa saa zetu.

Ujanja mmoja ninaugawa bure. Wauzaji wengi wa kadi za matangazo hawajui aina za mbwa. Wanaandika "mbwa" tu, au wanamwita pug "bulldog" au "mastiff". Kadi zangu mbili bora nilizipata chini ya jina la bulldog. Kwenye soko la Ufaransa tafuta "carlin", Ujerumani "Mops", Italia "carlino". Jina la Kifaransa, kwa taarifa yako, lilitokana na Carlin, mwigizaji aliyecheza Arlequin, mhusika wa vichekesho vya jukwaani, akiwa na barakoa nyeusi usoni.

Halisi na nakala

Seti nyingi za sigara zilichapishwa upya miaka ya karibuni, kihalali kabisa, kwa ajili ya kutiwa fremu. Za heshima huandika nyuma kwamba ni nakala. Shida ni zile zilizokwisha gundishwa kwenye fremu, nyuma huoni. Usinunue fremu kama muuzaji hayuko tayari kuifungua.

Kwa kadi za miaka ya 1880 kifaa chako ni lenzi ya kukuza mara kumi, ile ya sonara. Kromolitografia halisi inaonyesha madoa madogo yaliyodondoshwa na mkono wa mtu, hayalingani, yamejazana penye kivuli na kutawanyika penye mwanga, na rangi zimelala bapa moja juu ya nyingine. Nakala ya kisasa inaonyesha nukta za mashine zilizojipanga kwa safu, vijiua vidogo vya buluu, waridi na njano. Ukishaona mara moja husahau. Lakini usiipeleke kanuni hiyo kwa kadi za miaka ya 1930, maana kufikia wakati huo wachapaji walikuwa wamezoea nukta za mashine, na kadi halisi inaweza kuwa nazo.

Huko tumia taa ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau iliyo karibu kila duka la M-Pesa. Karatasi za kisasa, tangu karibu mwaka 1950, hutiwa kemikali ya kung'arisha weupe na chini ya taa hiyo hung'aa kama kanzu ya Idi. Karatasi ya 1931 haing'ai hivyo. Kadi ikiwaka, irudishe. Isipowaka, bado hujathibitisha lolote, umeondoa shaka moja tu.

Unyevu wetu

Sehemu hii miongozo ya Waingereza haitakuambia, kwa sababu wao wanapambana na baridi. Mtu wa Pwani anapambana na hewa inayoweza kuotesha ukungu kwenye mkanda wa ngozi. Hapa kadi za sigara zina kasoro ambayo huko kwao haionekani: katikati ya miaka ya 1930 Player's walianza kutoa kadi nyingi zenye gundi nyuma, mtoto azilambe na kuzibandika kwenye albamu ya peni moja. Gundi hiyo ingali hai. Ziache zimelaliana ndani ya kabati la Mombasa msimu wa masika na utazikuta zimeoana. Seti za mbwa za 1929 na 1931 ni za kabla ya mtindo huo, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuzipendelea kuliko za baadaye.

Kadi za matangazo nazo zina gundi ya aina yake. Nyingi zilibandikwa kwenye madaftari ya picha na wasichana wa Marekani kwa uji wa unga, na mabaki ya uji huo bado yako nyuma ya kadi. Mende na wale wadudu wa fedha wanaokula karatasi huuona kama futari. Kagua mgongo wa kadi kabla hujaitia albamu na nyingine.

Usiloweke. Nililoweka moja, ya pug aliyeketi juu ya meza, kwa kusoma kwamba rangi za kromolitografia huvumilia maji. Na kweli zilivumilia. Lililoyeyuka ni jina la duka, lililokuwa limepigwa muhuri wa wino wa zambarau nyuma, likaondoka lote mbele ya macho yangu na kuacha maji ya rangi ya zambarau hafifu. Hata leo sijui pug yule alikuwa akiuza nini.

Mifuko ya plastiki ya PVC, ile inayonukia na kunata, itupe. Hutoa mafuta yanayoharibu picha. Tafuta polipropilini au poliesta. Kadi za sigara zina faida ya vipimo: nyingi ni takriban milimita 68 kwa 36, na kuna kurasa za albamu zenye mifuko kumi ya kadiri hiyo hasa. Kadi za matangazo kila moja na urefu wake, na nyingi hutoshea kurasa za kadi za posta zikichezacheza kidogo. Vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu usivitupe. Vitie ndani ya boksi la albamu na uvibadilishe.

Jamaa wa tatu, kwa ufupi

Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi anayejua Kifaransa ana mlango ambao mimi sina. Kampuni ya Liebig ya supu ya nyama ilitoa kadi za rangi kwa karibu miaka mia moja, mara nyingi sita sita, katika lugha nyingi za Ulaya, na za Ubelgiji ni rahisi kupatikana. Duka kubwa la Au Bon Marché la Paris na watengenezaji wa chokoleti kama Poulain na Guérin-Boutron nao waligawa picha za kupendeza sana. Pug yupo humo lakini ni mgeni, si mwenyeji. Usianze na hizi kama lengo lako ni mbwa.

Mimi ningempa nani nini

Mwenye mfuko mdogo na hamu ya kumaliza kitu achukue Player's ya 1931, seti nzima, si pug peke yake. Atapata mbwa 50 waliochorwa na bingwa, ataweza kulinganisha pug na jirani zake, na siku akichoka ataiuza seti kwa urahisi kuliko kadi moja moja. Anayefuga pug wa kweli, na wapo Nairobi na Dar es Salaam, naye namwelekeza huko huko, kwa sababu maelezo ya nyuma yatampa mambo ya kubishana nayo.

Anayependa historia, maduka, mavazi, ucheshi wa zamani, na asiyesumbuliwa na orodha isiyoisha, aende Marekani ya 1880. Aanze na kadi moja yenye jina la duka na la mji nyuma, halafu autafute mji huo kwenye ramani. Kabla ya kutoa hata senti apite kwanza kwenye mikusanyo ya bure mtandaoni: Boston Public Library kwa kadi za matangazo, New York Public Library kwa za sigara, Metropolitan kwa za Burdick. Wiki moja ya kutazama bila kununua itamfundisha jicho.

Mimi mwenyewe, kama ningelazimishwa kubaki na upande mmoja, ningeuza za sigara. Ningelia kidogo kwa ajili ya vichwa vya 1929. Lakini pug wa Wardle anajua kwamba anatazamwa, na pug wa muuza sabuni hajui, anawaza supu.

Na upande wowote utakaouchagua, muombe muuzaji picha ya nyuma ya kadi kabla hujalipa. Akikwambia nyuma hakuna kitu, muombe tena.